Barua ya wazi kwa Mabaraza ya Vyuo Vikuu: msiiachie TAKUKURU kazi yenu

Kwa Wenyeviti na Wajumbe wa Mabaraza ya Vyuo Vikuu Tanzania,

Waheshimiwa,

Barua hii ingeweza kwenda kwa Makamu Wakuu wa Vyuo, kwa Wizara au kwa polisi. Nimeileta kwenu kwa sababu kanuni za mitihani, taratibu za nidhamu za watumishi na sera za chuo hazina nguvu mpaka zipite mezani kwenu. Mkizirudisha zikaandikwe upya, huandikwa upya, hata kama menejimenti inanung'unika. Na hili ninalolileta linahitaji kuandikwa upya.

Nazungumzia unyanyasaji wa kingono wanaofanyiwa wanafunzi. Wengi wao ni mabinti. Vijana wa kiume nao wapo, ila wao huona haya hata kumwambia rafiki. Nimefundisha vyuoni miaka mingi, nimekaa kwenye vikao vya nidhamu, na nimesoma sera na miongozo ya vyuo kadhaa kuhusu suala hili. Nyingi zinafanana. Utangulizi ni mkali: chuo hakitamvumilia yeyote, awe nani. Ukifika kwenye tafsiri ya kosa, ukali unapoa. Kinachobaki ni rushwa ya ngono: mwenye madaraka amedai ngono ili atoe kitu. Mengine yote yanatajwa kwa nusu mstari, kisha utaratibu mzima wa malalamiko unaofuata unaongelea rushwa tu.

Tafsiri hiyo imechukuliwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu kinasema mtu mwenye mamlaka akidai ngono, au upendeleo mwingine wowote, kama sharti la kumpa mtu ajira, cheo, haki au nafasi, ametenda kosa. Sheria ilipotungwa, adhabu yake iliwekwa kuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sina ugomvi na kifungu hicho. Kiliwahi kuwatia watu hatiani, na kiendelee. Ila kiliandikwa kwa ajili ya mahakama, ambako mtu anaweza kupoteza uhuru wake, kwa hiyo kinataka mambo yote yathibitishwe pasipo shaka: kwamba alidai, kwamba dai lilikuwa sharti, kwamba alikuwa na mamlaka ya kutoa kile alichokifanya sharti. Ninyi mmekichukua mkakifanya ndicho kipimo cha kila kinachomsibu mwanafunzi, na kisichofikia kipimo hicho chuoni kwenu si kitu.

Nitawaonyesha kinachopita chini ya kipimo.

Binti mmoja wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu muhula ukielekea ukingoni. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alinipa simu yake, akaniambia, "Madam, samahani, naomba usome tu." Ilikuwa mazungumzo ya WhatsApp na mhadhiri wa kozi mojawapo. Wiki ya tatu ya muhula, saa tano na nusu usiku: "Umelala?" Siku iliyofuata: "Leo ulipendeza, darasa zima lilikuwa linakuangalia wewe." Kisha: "Mbona kimya, una mtu hapo?" Kisha, baada ya simu kadhaa ambazo hazikupokelewa: "Test yako nimeiona. Njoo tuongee." Hakwenda. Wiki ile ile, mbele ya darasa, mhadhiri alimwita "mrembo wetu asiyepokea simu", na darasa likacheka. Baada ya hapo akaanza kukwepa vipindi vya kozi ile, mahudhurio yakashuka, na sasa mwakilishi wa darasa alikuwa amemwonya kwamba jina lake limo kwenye orodha ya watakaozuiwa kufanya mtihani.

"Nikienda kule," aliniambia, akimaanisha dawati la jinsia, "wataniuliza alitaka nini. Na yeye hajasema anataka nini."

Alikuwa sahihi kabisa. Ukimpimia kwa kifungu cha 25, hakuna dai, hakuna sharti, hata ile "njoo tuongee" wakili yeyote wa mwaka wa kwanza kazini ataipangua. Lakini binti alikuwa amepoteza kozi. Muhula mzima alikuwa anahesabu ni siku zipi mtu huyo yuko jengo gani, ili apite njia nyingine. Kama chuo hakina jina la jambo hilo kwenye kanuni zake, kinamwambia kwamba aliyapata hayo kwa bahati mbaya, kama mtu aliyenyeshewa na mvua.

Ipo sheria nyingine, nayo vyuo haviitaji sana. Mwaka 1998 Bunge lilipopitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, ile tunayoiita SOSPA, liliongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D. Hicho kinamgusa anayemsumbua mwenzake kingono kwa maneno au vitendo, bila kujali kama kuna kitu kilichodaiwa. Hapo binti yule angepata pa kushika. Tatizo ni kwamba walioandika waliweka na ukomo: malalamiko yaletwe ndani ya siku 60 tangu tukio, au tangu tukio la mwisho kama yalifuatana. Mtu aliyewahi kuishi chuoni anajua siku 60 ni nini. Mwanafunzi anayesumbuliwa na anayemsahihishia hafungui mdomo kabla matokeo hayajatoka. Anasubiri mtihani upite, bodi ya mitihani ikae, matokeo yapande kwenye mfumo, aone kama amepona au ana sapu. Akishaona, ndipo anaanza kufikiri nani atamsikiliza, na hapo dirisha la siku 60 mara nyingi limeshafungwa. Majirani zetu Kenya nao wana lao: Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 23, inataka usumbufu uwe umefanywa kwa kurudiarudia. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba dawa ni kunakili ya jirani. Mahakama ina mipaka yake, na chuo hakilazimiki kuishi ndani ya mipaka hiyo.

Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka Februari 1990 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msichana wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa kwa miezi na wanafunzi wenzake wa kiume, huku jina la "Mzee Punch" likiwa nyuma ya udhalilishaji huo. Kwa vijana ambao hawakuwahi kumsikia: Mzee Punch lilikuwa gazeti la ukutani. Waandishi wake hawakujulikana, na waliwachora na kuwaandika wanafunzi, hasa wasichana, kwa matusi ambayo asubuhi watu walijipanga kuyasoma. Msichana aliyemkataa mtu alijua anaweza kuamka amebandikwa. Kifo kile kilizua kelele. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichokuwa na miaka mitatu tu tangu kianzishwe, kilikuwa miongoni mwa waliokataa kinyamaziwe, na harakati za wanawake za miaka ile ndizo zilizoisukuma nchi hadi ikapata SOSPA.

Ninachotaka mkione katika tukio lile ni hiki. Hapakuwa na mhadhiri aliyeomba kitu. Hapakuwa na maksi, wala sharti, wala chumba cha wageni. Tukio linalokumbukwa kuliko yote katika historia ya unyanyasaji vyuoni Tanzania lisingeingia kwenye tafsiri ambayo vyuo vyetu vinaitumia leo, zaidi ya miaka 30 baadaye. Na Mzee Punch hajafa, amehamia kwenye magrupu ya simu. Kila Novemba wanapoingia wa mwaka wa kwanza, picha zao zinachukuliwa mitandaoni bila ruhusa, zinapangwa kwa madaraja, zinatolewa maoni ambayo sitayaandika kwenye barua ya heshima. Mlalamikaji akienda kwa mshauri wa wanafunzi, anafunguliwa sheria ndogo za wanafunzi, na suala lake linaangukia kwenye "utovu wa nidhamu", fungu moja na kupika vyumbani na kubebana hosteli.

Kuna madhara mengine ya kuliita kila jambo rushwa, nayo ni mabaya kuliko pengo lenyewe. Rushwa ina pande mbili. Tangu shule ya msingi tumesoma mabango: kutoa na kupokea rushwa ni kosa. Binti aliyekubali, kwa hofu, kwa kuchoka, kwa sababu bumu limekatika na kudisko ni kurudi kijijini na aibu ya ukoo mzima, anasoma bango lile lile na kujiona yumo. Atakwenda kuripoti nini, kosa lake mwenyewe? Msiseme hofu hiyo ni ya watoto. Mwaka 2024 marekebisho ya sheria ya rushwa yalipopelekwa bungeni, kulikuwamo pendekezo la kumtia hatiani pia anayemshawishi mwenye mamlaka kwa ngono. Mashirika ya wanawake yalilipinga kwa nguvu, yakisema litawaziba midomo waathirika. Mimi niliona mantiki yake: ukishaliita jambo biashara ya watu wawili, mtu atauliza kwa nini mmoja tu ndiye ashtakiwe.

Mtaani mantiki hiyo ina jina lake, na mmelisikia: digrii za chupi. Aliyesumbuliwa na asiyesumbuliwa, aliyekataa na aliyeshindwa kukataa, wote wanabandikwa. Nimewahi kumsikia mzazi kwenye sherehe ya mahafali, mwanamke mtu mzima, akimtania mpwa wake kwa maneno hayo mbele ya wageni, na watu wakacheka. Binti alikuwa na daraja la kwanza.

Na njia ya kulithibitisha kosa la kifungu cha 25, mnajua mara nyingi inakuwaje? Mtego. Mlalamikaji anawasiliana na mtuhumiwa chini ya maelekezo ya maofisa wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanakubaliana mahali, anakwenda, tena mahali penyewe mara nyingi ni nyumba ya wageni. Anaingia chumbani. Maofisa wanafuata. Siwalaumu TAKUKURU, wanatafuta ushahidi utakaosimama mahakamani. Nauliza tu: msichana wa miaka 20 aliyekuja kwenu kusoma uhasibu, ndiyo njia mliyomwekea ya kupata maksi zake za test? Sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi tunayo tangu 2015, lakini hakuna sheria inayoweza kumlinda mtu na darasa lake mwenyewe siku ya pili yake.

Mwaka 2018, siku Rais alipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika mtandaoni kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Nakumbuka mazungumzo ya korido zetu wiki ile, nami nilikuwa chuo kingine. Walioniuliza kama ni kweli walikuwa wachache. Wengi waliuliza kwa nini hakupitia ngazi. Mwaka 2020 TAKUKURU ikatoa utafiti wake uliofanywa katika chuo hicho na Chuo Kikuu cha Dodoma, ukaonyesha kuwa tatizo lipo. Kwa hiyo suala la kama lipo tuliache, limeshajibiwa, tena na chombo cha serikali.

Sasa niende kwenye lililo ndani ya uwezo wenu, ambalo halihitaji msichana yeyote asimame mbele ya kamati na kueleza mambo ya usiku.

Katika vyuo vingi maksi 40 kati ya 100 zinatokana na kazi za muhula: test, kazi za kikundi, kuwasilisha mada. Zilizobaki 60 ni mtihani wa mwisho. Mtihani wa mwisho tumeuwekea ulinzi: mwanafunzi anaandika namba, karatasi zinahifadhiwa idarani, mtahini wa nje anakuja kuzipitia, bodi inakaa. Zile 40 hazina ulinzi wowote wa maana. Anazitunga mtu mmoja, anazisahihisha mtu mmoja, karatasi anazo yeye, wakati mwingine kwenye buti la gari, na anazijaza kwenye mfumo yeye. Alama za "ushiriki darasani" ndizo za hatari zaidi, kwa sababu hakuna hata karatasi ya kubishania. Kila aliyewahi kunisimulia alianzia kwenye zile 40, au kwenye tasnifu ya mwaka wa mwisho, ambako msimamizi ni mmoja, akikasirika hasomi sura ya tatu, na muda unakwenda.

Halafu kuna maksi zinazopotea. Matokeo yanatoka, kozi moja haina kitu. Mwanafunzi anakwenda kwa ofisa wa idara, anaambiwa, "Muone mwalimu wa kozi." Anakwenda, mlango umefungwa. Anapiga simu, anaambiwa njoo kesho. Kesho anaambiwa njoo jioni, saa kumi na moja hivi, sasa hivi nina kikao. Waheshimiwa, nani aliyemtuma mtoto huyu kwenye korido isiyo na watu saa kumi na moja jioni? Mhadhiri? Ametumwa na utaratibu wenu. Kuna wahadhiri, nasema kwa kuwa nawajua, ambao kupotea kwa maksi kwao ni mtindo wa kazi. Kila muhula zinapotea, na ukiangalia majina zinakopotea hutachukua muda kuelewa.

Hili halihitaji TAKUKURU. Wekeni kanuni kwamba test isahihishwe na kurudishwa kwa wanafunzi kwa tarehe inayojulikana, na nakala ya alama ibaki idarani siku ile ile. Kwamba maksi zikipotea, anayezitafuta ni mratibu wa mitihani wa idara. Mwanafunzi anajaza fomu dirishani, basi, haendi ofisi ya mtu. Kwamba mwanafunzi wa tasnifu anaweza kubadilishiwa msimamizi mara moja bila kuulizwa sababu. Kwamba alama za ushiriki zifutwe, au zithibitishwe na mtu wa pili. Mwenyekiti mmoja wa idara niliyemweleza haya alinijibu kwamba yataongeza kazi. Yataongeza, ndiyo. Tunazo semina za uelewa kila mwaka, na vitambaa vya kufungua, na keki. Hizo nazo ni kazi.

Tafsiri ndiyo inayofuata. Najua kamati zenu zinapenda kuletewa maneno yaliyo tayari, kwa hiyo nimeandika pendekezo:

"Unyanyasaji wa kingono ni tendo, neno, ujumbe, picha au mwenendo wowote wa kingono usiotakiwa na anayefanyiwa, uwe wa mara moja au wa kurudiwa, ambao unamdhalilisha, unamtia hofu, au unamharibia nafasi ya kusoma, kutahiniwa, kuishi hosteli au kufanya mafunzo kwa vitendo, bila kujali kama kuna kilichodaiwa, kilichoahidiwa au kilichotolewa, na bila kujali kama aliyefanya ni mtumishi, mwanafunzi, mzabuni au mwenyeji wa mafunzo."

Wanasheria wenu wataipiga msasa. Maneno "uwe wa mara moja" wasiyaguse. Hata Mkataba wa 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, umeyazingatia hivyo hivyo, na unawahesabu wanaojifunza kazi kuwa miongoni mwa wanaolindwa. Hilo la mwisho linawahusu wanafunzi wetu wa fildi. Tunawapeleka kwenye halmashauri, hoteli na benki kwa wiki kadhaa, na barua ya utambulisho haina hata namba ya mtu wa kumpigia mwenyeji akianza vituko.

Chini ya tafsiri hiyo nashauri kifungu kifupi kinachojitegemea: mhadhiri asiwe na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi anayemfundisha, anayemsahihishia au anayemsimamia. Nimeshasikia hoja kwamba ni watu wazima. Mtu mzima ambaye ukimkataa anaweza kukuandikia D hajakuacha huru kujibu, na hata ukimkubali kwa moyo wako, wenzako darasani hawataamini maksi zako. Wakipendana kweli, asimamie na asahihishe mwingine. Wakisubiri mahafali, bora zaidi.

Kuhusu mavazi niseme kwa kifupi, maana hoja hiyo inanichosha. Kwenye mageti ya vyuo vingi kuna bango lenye picha za sketi fupi, suruali za kubana na migongo wazi, zote zimepigwa mkasi mwekundu. Sijawahi kuona geti lenye bango linalomweleza mhadhiri asichotakiwa kufanya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasoma lile bango siku yake ya kwanza, na anaelewa mapema kwamba likimkuta la kumkuta ataanza kuulizwa alivaa nini.

Wahadhiri wana hofu yao pia, na hofu hiyo si ya uongo. Wapo wanafunzi wanaotega. Wapo wanaotishia kusingizia ili wapewe alama. Nimewaona wanaume waadilifu wakifundisha kwa miaka bila kuthubutu kukaa na mwanafunzi wa kike kumwelekeza tasnifu, na huyo binti amekosa mwalimu kwa sababu ya uchafu wa mwingine. Lakini angalieni: alama zikishathibitishwa na mtu wa pili, karatasi ikiwa idarani, maksi zilizopotea zikitafutwa na mratibu, anayetaka kusingizia hana pa kushika. Kanuni ile ile inayomzuia mnyanyasaji ndiyo inayomwokoa mwadilifu. Na mwanafunzi akija kumtega mhadhiri, mhadhiri ana ajira, mshahara, na maadili aliyoyatia saini. Anajua namna ya kusema hapana.

Nimeyaacha madawati ya jinsia kwa makusudi hadi hapa, kwa sababu yanasifiwa sana na yamepewa mzigo yasioweza kuubeba. Serikali ilifanya vyema kutaka kila chuo kiwe nalo. Nendeni mkayaone lakini. Nimeliona moja lililowekwa katikati ya ofisi za wahadhiri, maandishi makubwa mlangoni, hivi kwamba anayeingia anaonekana na jengo zima. Fomu ilitaka jina, namba ya usajili, idara, na majina ya mashahidi, hata kabla ya kuuliza kilichotokea. Mratibu alikuwa mhadhiri msaidizi, mama mwema sana, anayesubiri kupandishwa cheo na kamati aliyomo mtu ambaye jina lake lilikuwa limeshaletwa kwake mara kadhaa. Mlitaka afanye nini?

Jirani yetu Makerere alishapita hapo. Walikuwa na kanuni zao dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006, miongoni mwa za mwanzo katika ukanda huu, na bado mwaka 2018 kashfa zilipolipuka ikabidi iundwe kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuchunguza kwa nini kanuni nzuri hazikufanya kazi. Kanuni zikafanyiwa marekebisho mwaka huo huo. Mimi nililochukua huko ni kwamba kanuni iliyoandikwa vizuri inaweza kulala kabatini miaka 12 kama wanaoisimamia ni majirani wa ofisi wa wanaotuhumiwa. Wanaosikiliza mashauri watoke nje ya chuo, au angalau nje ya kitivo, na wachaguliwe upya kwa kila shauri. Nigeria nayo, baada ya BBC kurusha mwaka 2019 uchunguzi wake wa kamera za siri katika vyuo vikuu vya Lagos na Ghana, Seneti yake ilipitisha muswada uliotaja kifungo cha hadi miaka 14. Adhabu kubwa inasomeka vizuri magazetini. Mimi ningefurahi zaidi kuona mhadhiri mmoja akiondolewa kusahihisha ndani ya siku 3 tangu malalamiko yapokelewe, karatasi zikapewa mwingine, binti akafanya mtihani wake, na uchunguzi ukaendelea taratibu kwa haki ya pande zote.

Hilo la haki ya pande zote ndilo msilitumie vibaya. Chuo si mahakama. Mnaweza kumwondoa mtu kwenye kozi bila kumtia hatiani, kama mnavyomwondoa mtunza fedha kwenye sanduku huku hesabu zikikaguliwa, na hakuna anayesema ameonewa. Mnaweza kumwadhibu kwa kuvunja kanuni ya ajira hata pale mwendesha mashtaka anaposema ushahidi hautoshi kwa kesi. Kauli ya "tunasubiri TAKUKURU wamalize" nimeisikia kwenye vikao vya nidhamu hadi nimeikariri, na wakati tunasubiri mtuhumiwa alikuwa anaingia darasani kila Jumanne.

Kwa hiyo ombi langu kwa kikao chenu cha kawaida kijacho ni dogo. Kabla ya taarifa ya fedha na ya majengo, mwombeni Katibu wa Baraza awaletee karatasi moja: malalamiko ya unyanyasaji wa kingono yaliyopokelewa mwaka wa masomo uliopita ni mangapi, na kwa njia ipi, mangapi yameamuliwa, na kila moja limechukua siku ngapi, ni wanafunzi wangapi waliolalamika ambao bado wamo chuoni, na maksi zilizopotea kila muhula, kwa jina la kozi na jina la mwalimu. Takwimu ya mwisho haihitaji uchunguzi wala shahidi. Imo kwenye mfumo wa matokeo, ofisa usajili anaweza kuichapa kabla ya chai ya saa nne. Anzieni hapo, na mkiona jina linajirudia, muiteni mwenye jina.

Wenu katika kazi,

Mhadhiri, Dar es Salaam

Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Marais wa Serikali za Wanafunzi